Matawi Juu ya Mashua

Garissa, 4 Oktoba 1966

...na tena si kweli, Wahu, kwamba mtu aliyesomea mashua akiletwa kwenye ukame ametupwa. Ulinishindilia maneno hayo hadi mlangoni mwa kanisa, nikiwa tayari na shela kichwani, na sikupata nafasi ya kukujibu. Nakujibu sasa, ndani ya kitabu hiki ulichonipa siku ya arusi. Mto upo. Mto Tana unapita chini ya nyumba yetu, mpana na mwekundu, na ukingoni kabisa, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, mume wangu anaiundia serikali mashua.

Mume wangu. Nikishaandika maneno hayo nayasoma tena.

Leo nilimpelekea chai nikamkuta amelala chali chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, vumbi la mbao limemjaa kwenye kope. Aliniambia nisogee kwa sababu ninamziba mwanga. Kisha akaniambia nisisogee, kwa sababu mimi ndiye mwanga. Najua utacheka. Cheka tu, rafiki yangu. Wewe hujawahi kuambiwa hivyo na mtu mwenye randa mkononi.

Nikueleze jambo moja ili usiniulize tena. Kinoti alifundishwa kazi Mombasa, katika karakana ya serikali, Mmeru peke yake kati ya mafundi wa pwani waliomwita Bwana Mlima. Hapa yuko kwenye majaribio. Mashua hii ni ya kupeleka chakula na dawa kwa watu wa chini ya mto mafuriko yakikata barabara, na ni ya kwanza aliyoachiwa peke yake. Mkaguzi akiipitisha mwezi ujao, Kinoti atathibitishwa: fundi wa vyombo wa serikali, na nyumba, na pensheni, na siku moja, Mungu akipenda, meli kubwa za Kisumu. Asipoipitisha, tunarudi Meru na ataunda vitanda. Nitampenda hata akiunda vitanda. Lakini umeona uso wake anapopapasa ubao? Sitaki uso ule upotee.

8 Oktoba

Joto. Nimeoga mara tatu na kuimba mara zote tatu.

11 Oktoba

Nimepata rafiki. Anaitwa Jawahir, mke wa Yarrow, kibarua wa Kinoti. Zamani Yarrow alikuwa na ngamia wengi. Walichukuliwa wote na askari katika msako wa mwaka jana, sasa anabeba mbao na kulima mahindi kidogo kwenye bonde la mto.

Alinikuta nikizungusha jiwe la shabu ndani ya ndoo ili tope lizame.

"Abaayo, wewe nafanyia maji dawa?" alisema. Abaayo kwao ni dada. "Maji hii tumekunywa tangu bibi yangu. Tope nafanya meno kuwa fizuri."

Alinionyesha meno yake. Kweli ni mazuri. Aliondoka na sukari kidogo, akarudi jioni na maziwa ya ngamia yanayonukia moshi, na tulicheka kwa sababu yeye hakujua neno la Kiswahili la "mume", alisema tu "yule wako", na mimi niliona haya hadi masikioni.

15 Oktoba

Bwana Gichuki, msimamizi wao, hajaleta mafuta ya kupaka mashua upande wa nje. Yarrow ameleta nundu ya ngamia. Wameiyeyusha kwenye pipa na kuchanganya na chokaa. Nyumba, nywele, mto wangu wa kulalia, vyote vinanuka. Kinoti anasema ni mafuta bora kuliko ya Mombasa.

Watu wa sokoni wanapita kutazama na kucheka, mashua kwenye vumbi na mbingu haina hata wingu. Yarrow amempa Kinoti jina.

"Nabii Nuh naye alibata matusi hivi hivi," alisema. "Lakini yeye alikuwa na Mungu. Wewe, fundi, una nani?"

"Nina Bwana Gichuki."

"Basi tutakufa maji."

Kinoti alicheka hadi akaketi chini. Sijawahi kumwona akicheka hivyo na mtu mwingine, na niliona wivu kidogo, wivu mtamu.

22 Oktoba

Lori lilishambuliwa na shifta, wale waasi wa porini, kwenye barabara ya kaskazini. Sitaandika tuliyoyasikia. Amri imetoka: kila chombo mtoni, hata mtumbwi wa kuvulia, kifungwe mnyororo kituoni jua likitua. Atakayelaza chombo nje ya mnyororo anahesabiwa mwenzao wa shifta, kwamba anawavusha. Mashua yetu bado iko juu ya magogo, nchi kavu, kwa hiyo haituhusu. Hata hivyo Kinoti aliamka usiku akaenda dirishani kuitazama.

29 Oktoba

Mvua. Mvua, Wahu. Tulisimama nje tukalowa kama watoto.

2 Novemba

Kinoti hali chakula. Mbao zimesinyaa kwa jua hili, na kati ya ubao na ubao unaweza kupitisha jani la mti. Ameshindilia pamba yenye mafuta kwenye nafasi zote, hiyo ndiyo wanayoiita kalafati, lakini anasema haitoshi. Dawa ni moja. Pwani chombo kipya huzamishwa kwa makusudi, kikajazwa mawe, kikaachwa chini ya maji hadi mbao zinywe, zivimbe, zibanane zenyewe. Baada ya hapo hakivuji tena.

Kituoni pa kufungia vyombo mkondo una nguvu, mashua iliyojaa maji itavunjika. Pahali patulivu ni ghuba ndogo nyuma ya mahindi ya Yarrow. Nilimwambia aombe kibali. Alisema kibali kitazunguka ofisini hadi mto ujae na mkaguzi awe amekuja na kwenda. Alimwambia Bwana Gichuki kwa mdomo.

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Kinoti, mimi sikukusikia,' akacheka, akaniongezea chai."

Tumeichukua kuwa ni ndiyo.

4 Novemba

Siku nzuri kuliko zote tangu arusi yangu. Wanaume waliishusha mashua ghubani alfajiri, Yarrow akaingia majini hadi kifuani akipokea mawe, na chombo kikazama taratibu mpaka ukabaki ukingo wake tu, kama mdomo wa bakuli. Kinoti alihofia ukingo huo, kwamba jua litaupasua. Mimi na Jawahir tukakata matawi ya mikoma na ya mti wa mswaki tukaufunika wote. Mimi nilipanga, yeye alinikabidhi.

"Kama nyumba ya bibi arusi," alisema.

"Bibi arusi yuko wapi?"

"Amelala ndani, nakunywa maji kama ngamia. Usimwamshe."

Tawi la mwisho nililiweka kwa mikono yote miwili na nikaomba moyoni. Kinoti alinibusu mbele ya watu. Yarrow aligeuza uso, akakohoa, akasema Nabii Nuh hakufanya hivyo. Atalala kibandani kwake hapo karibu ili kuiangalia.

7 Novemba

Mvua. Mashua inakunywa. Tunafurahi.

9 Novemba

Nitaandika yote.

Jawahir alikuja alfajiri bila viatu. Doria ilipita ukingoni kabla ya jua kuchomoza ikamkuta Yarrow ndani ya maji, akitoa mawe ili mashua ielee, kama Kinoti alivyomwagiza. Wakaona mashua isiyo na namba, imezamishwa, imefunikwa matawi, nje ya mnyororo. Ni nani angeona hivyo akawaza habari ya mbao kuvimba? Hata mimi, kama sikuwa nimeolewa na Kinoti, ningewaza walivyowaza wao.

Kinoti alitoka na shati halijafungwa. Mimi na Jawahir tulimfuata hadi kwenye ua wa karakana tukasimama nyuma ya waya. Yarrow alikuwa amechuchumaa, mikono imefungwa nyuma, nguo zinamtiririka maji. Sajini alikuwa na tawi la mkoma mkononi. Bwana Gichuki alikuwa ameshafika, amevaa tai.

"Chombo hiki ni chenu?" sajini alimuuliza.

"Ni chetu," alisema Gichuki. "Kilitolewa hapa bila ruhusa."

"Kilitolewa na nani?"

Bwana Gichuki alinyoosha tai yake. Alimtazama Kinoti, kwa upole kabisa, kama baba anayemngoja mtoto achague.

"Huyu anasema mlikuwa mnalowesha mbao," sajini alisema. Akalitikisa lile tawi. "Nyinyi wasomi. Mtu akilowesha mbao hufunika na hizi?"

"Uliza fundi," Yarrow alisema. "Fundi atakuambia."

Alimtazama Kinoti bila hasira. Alimtazama kama unavyomtazama mtu mwenye tonge mdomoni, unamsubiri ameze ndipo aseme.

Kinoti alitazama mikono yake.

Nilisikia mto. Jawahir alinishika mkono kupitia kanga yangu, na nilijua lile tawi ni la nani, nilijua hata mahali kisu kilipolikata, na mdomo wangu nao haukufunguka. Kisha sajini akasema basi, akamwinua Yarrow kwa kola. Yarrow alipopita karibu na waya alimwambia mkewe maneno machache ya Kisomali. Baadaye nilimuuliza Jawahir mumewe alisema nini. Alisema awape mbuzi maji.

Usiku Kinoti aliketi sakafuni.

"Si kazi tu, Mirriam. Ningesema ni mimi, wangenifunga mimi."

"Bwana Gichuki alijua."

"Bwana Gichuki hakunisikia."

Nilikilaza kichwa chake mapajani mwangu. Hapo ndipo nikasema, kwa sauti ya upole, sauti niliyokuwa nikijifunza tangu arusi, kwamba asubiri. Ukaguzi ni Jumatatu. Akishathibitishwa, atakuwa mtu wa serikali kamili, na neno lake litakuwa na uzito, atakwenda na kumtoa Yarrow. Siku chache tu.

Alikubali. Alikubali upesi mno, Wahu.

10 Novemba

Jawahir alikuja. "Yule wako amesema?"

"Atasema Jumatatu."

11 Novemba

"Amesema?"

"Jumatatu, Jawahir."

Aliniletea maziwa. Nilishindwa kuyakataa, na nilishindwa kuyanywa.

12 Novemba

Hakuuliza. Aliketi mlangoni akichambua mchele wangu hadi jioni, akaondoka.

14 Novemba

Mkaguzi ametoka Mombasa, mzee mnene, mpole. Alitandika leso yake nyeupe kwenye sakafu ya mashua, akaamuru wavuke mto na kurudi, kisha tena. Leso ilirudi kavu. Aliiinua juu ili sote tuione. Alisema katika nchi ya vumbi kama hii hajaona chombo kilichobana hivyo, na akamuuliza Kinoti amefanyaje.

"Kalafati nzuri, bwana," Kinoti alisema.

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga.

15 Novemba

Kinoti alikwenda kituoni asubuhi na mapema. Nataka uandikwe ukweli huu pia: alikwenda. Alisimama mbele ya afisa mkubwa akasema mashua ilizamishwa kwa amri yake, Yarrow alitumwa, hakuiba kitu.

Afisa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza, "Jumatano ulipoulizwa ulinyamaza. Leo umepandishwa kazi, unazungumza. Niamini siku ipi?"

Tena haikuwa na maana. Yarrow alipakiwa kwenye lori jana, kupelekwa jela ya mbali, upande wa bara. Jana mchana, tulipokuwa mtoni tukitazama leso.

Kinoti alinieleza haya akiwa amesimama, na alipomaliza aliniuliza kuna nini cha kula.

16 Novemba

Nilimwambia Jawahir mwenyewe. Sikumwachia Kinoti. Alinisikiliza, akavuta mtandio wake mbele, akasema, "Jumatatu ilikuwa mbali sana."

19 Novemba

Kibanda cha Jawahir kimebomolewa, na vya majirani zake wote wa ukingoni. Wamehamishiwa kijiji kipya kilichozungushiwa seng'enge, huko nyuma ya vilima, ili shifta wasipate pa kujificha. Mahindi yamebaki. Niliona mbuzi wawili wakiyala bila mtu wa kuwafukuza.

28 Novemba

Mto umefurika hadi kwenye magogo ya karakana. Mashua imeokoa watu wengi chini ya mto, akina mama na watoto juu ya paa za vibanda. Kinoti hajalala siku nyingi, mikono imechubuka. Watu wanamsimamisha njiani kumshukuru. Ni fundi hodari na ni mtu anayeingia kwenye maji meusi kumtoa mtoto asiyemjua. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli. Kama angekuwa mtu mbaya ningepata usingizi.

3 Desemba

Mvua tu.

6 Desemba

Bwana Gichuki alikuja na habari: Kinoti anahamishiwa Kisumu, kwenye meli za ziwani. Tunaondoka tarehe tano Januari, tiketi mbili za treni kutoka Nairobi. Alikunywa chai yetu akasema, "Mnaona? Mambo hujipanga yenyewe, mkiyaacha."

Kinoti alinitazama aone kama nimefurahi. Nilitabasamu. Zamani tabasamu lilikuwa likija lenyewe.

14 Desemba

Leo ni mwanzo wa Ramadhani. Sahara, mwuza maziwa anayeruhusiwa kutoka kijijini asubuhi, alinipita bila kuniuliza kama nanunua. Nilimwita. Aliweka kibuyu chini.

"Yarrow amekufa," alisema. "Homa. Wamezika huko huko."

Nilikaa chini pale pale kwenye tope.

"Jawahir yuko wapi?"

"Yuko edani. Hatoki mpaka eda iishe. Watu ndiyo wanamwendea." Akanitazama. "Lakini hawamwendei."

"Kwa nini?"

"Wanasema Yarrow alikuwa mwizi wa mashua ya serikali. Wanasema kwa sababu yake tuliletewa seng'enge. Hata Keynan, baba mdogo wa Jawahir aliyemlea, hajaja kukaa na yeye. Analia peke yake, mtu wa edani."

Nilitaka kumpa sukari, majani ya chai, chochote. Nilikwishafunga kwenye kitambaa. Sahara alikitazama hakukichukua.

"Amesema ukiniona ukanipa kitu, nisichukue. Amesema: mwambie Mirriam sukari sitaki. Nataka mtu aje hapa ndani, aseme mbele ya Keynan na watu: Yarrow alitumwa. Hakuiba. Kwa mdomo, na watu wasikie. Basi."

Akabeba kibuyu chake. Alipofika kwenye kona alirudi.

"Kwetu," alisema, "neno lililosemwa ofisini ni la ofisi. Keynan hajalisikia."

15 Desemba

Nilimwambia Kinoti wakati wa chakula. Aliacha kula.

"Walinzi wa lango watasikia. Litafika ofisini."

"Ofisini ulishawaambia."

"Waliambiwa wakafunga faili. Ukilifungua tena, Kisumu imekwenda. Na yeye ameshakufa, Mirriam. Nani atafaidika?"

"Jawahir hana mtu wa kukaa naye."

Alinyoosha mkono akanishika. Mikono hii, Wahu, niliandika kurasa nzima juu yake huko mwanzo, nimezisoma tena. Kila neno ni kweli hadi leo. Bado ninampenda, na sijui nifanye nini na jambo hilo.

"Nipe siku kidogo," alisema. "Sikukuu ipite."

Ni sauti yangu aliyoitumia. Ile ya upole.

25 Desemba

Krismasi. Tulikwenda kanisani. Niliketi karibu na dirisha nikasikia mto.

27 Desemba

Wahu, nisamehe. Kurasa zote hizi nilikuandikia wewe, nikibishana nawe, nikijigamba. Huu wa mwisho ni wa Jawahir, ingawa najua hatausoma. Nikiuandika kwake, sitaweza kuurudisha nyuma.

Jawahir, abaayo. Leo nilikwenda kuomba kibali cha kuingia kijijini. Karani aliniuliza nakwenda kwa nani, nikamtaja jina lako. Aliniuliza wewe ni nani yangu, nikasema dada. Aliandika. Alisema nirudi baada ya siku chache, huenda wiki.

Nimekuwa nikimsubiri Kinoti aseme kwa sababu mashua ilikuwa yake. Jana usiku nilikumbuka kitu ambacho nadhani wewe hukukisahau hata siku moja, na kwa wema wako hukukitaja. Mbao zilizolowa hazikumfunga Yarrow. Angeweza kueleza mbao. Asichoweza kueleza ni matawi, na yale matawi hakuyapanga Yarrow wala Kinoti. Niliyapanga mimi. Wewe ulinikabidhi. Kwa hiyo sihitaji kinywa cha mtu mwingine. Ninacho changu, nami nilikifunga siku ile nikiwa nimekushika mkono.

Sitaleta sukari. Nitakaa nawe mkekani, chini, kama wanavyokaa kwenu, na Keynan akija nitamwambia mbele ya watu wote, na walinzi wa lango wasikie kama wanapenda. Asipokuja, nitakwenda kusimama mlangoni kwake. Nitasema yote, hata habari ya Jumatatu.

Kinoti amefunga sanduku la vifaa vyake. Nguo zangu sijafunga. Anajua nimeomba kibali. Aliniona nikirudi, hakuuliza, alinichotea maji ya kunawa miguu. Labda atakuja nami, na tutakuwa wawili. Labda kibali kitachelewa kupita tarehe tano na tiketi moja itakwenda Kisumu bila mtu. Sijui. Mwezi wenu haujafika nusu, nimeutazama jioni hii juu ya mto. Kabla haujaisha nitakuja, Jawahir. Uwaambie tu watu kwamba una mgeni.